Barua ya wazi kwa viongozi wa netiboli Tanzania Bara: mabingwa wa ligi yetu wameandikwa wapi?

Kwa viongozi wote mnaosimamia netiboli Tanzania Bara, wa taifa na wa mikoa.

YAH: KUMBUKUMBU ZA LIGI YA JUU YA NETIBOLI

Ndugu viongozi,

Salaam. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya kawaida imegonga mwamba. Barua nimeandika, simu nimepiga, ofisini nimefika na kukalishwa kwenye benchi mpaka nikaambiwa mhusika yuko safarini. Ombi langu halikuwa kubwa. Nilitaka orodha ya mabingwa wa ligi ya juu ya netiboli ya Bara, mwaka kwa mwaka, tangu ilipoanza kuchezwa. Nilijibiwa kwa mdomo tu, na kila aliyenijibu alinielekeza kwa mwingine. Wa mwisho alinituma kwa mama mmoja aliyekuwa mwamuzi enzi hizo, akasema yule ndiye anayejua mambo ya zamani. Nilimpata, na kweli anajua. Alinitajia vikosi kuanzia mlinda goli mpaka mfungaji bila kusitasita. Ila tulipofika kwenye miaka, aliniomba radhi: mingine ameanza kuichanganya, na wenzake waliokuwa wakikumbushana nao wengi hawapo tena.

Sina ugomvi na mtu yeyote kati yenu, na sigombei nafasi yoyote. Nimekaa mezani kuandika matokeo kwenye mashindano ya mkoa, naufahamu mchezo huu kwa upande wa kalamu na karatasi. Kwa upande huo naona jambo linaloharibika, na kila msimu unaopita unalifanya kuwa gumu zaidi kulitengeneza. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hakuna orodha ya mabingwa ambayo mwananchi anaweza kuiona.

Muulize shabiki yeyote wa soka bingwa wa Bara wa mwaka 1965, atakwambia Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo. Muulize 1988, atakwambia Coastal Union, na akiwa mtu wa Tanga jiandae kukaa chini maana hadithi haitaisha mapema. Hata ambaye hakuwa amezaliwa anajua, kwa kuwa imeandikwa na kurudiwa mpaka imekuwa mali ya kila mtu. Sasa muulize mpenzi wa netiboli bingwa wa 1988. Au tusiende mbali, wa 2003. Mtabishana mpaka jioni, na hakuna karatasi ya kumaliza ubishi.

La kusikitisha ni kwamba karatasi zilikuwepo. Netiboli ni mchezo unaoandikwa kwa makini kuliko soka, kwa sababu lazima ujue senta, yaani pasi ya kuanzisha mchezo katikati, ni ya nani kila baada ya goli. Mezani mnakuwa wawili, mmoja anatamka na mwingine anaweka alama. Ukiruka senta moja tu, makocha wawili wanakuja mezani kwako kwa wakati mmoja, na wote wana hasira. Mfungaji ana mstari wake, msaidizi wake ana wa kwake. Goli lililoingia lina alama yake na lililokosa lina yake, robo kwa robo, dakika 15 kila moja. Mechi ikiisha, ile karatasi inaeleza mambo ambayo ripoti ya gazeti haiwezi kuyaeleza: nani alifunga mangapi katika mangapi aliyojaribu, robo ipi timu ilikatika pumzi, nani aliingizwa na nani akatolewa.

Kisha waamuzi wanasaini. Karatasi inakunjwa mara mbili, inaingia kwenye bahasha ya kaki, bahasha inaingia kwenye mkoba wa mtu. Ukija uchaguzi na uongozi ukabadilika, mkoba unaondoka na mwenyewe. Simlaumu mwenye mkoba, maana pengine bila yeye karatasi zingefungiwa maandazi siku ile ile. Lawama yangu ni kwamba hakuna kabati, hakuna daftari, wala hakuna mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa maandishi.

2. Timu zinakufa kimya kimya, na hatujui zimekufa kwa nini.

Historia ya ligi yetu, ukiichunguza, ni historia ya waajiri. Mchezaji wa netiboli wa Tanzania hajawahi kuishi kwa mshahara wa klabu kama mwanasoka. Ameishi kwa ajira, na mwajiri ndiye aliyemnunulia jezi na kumpa ruhusa ya kwenda mazoezini. Enzi za mashirika ya umma, shirika kubwa lilikuwa na timu kama lilivyokuwa na zahanati na duka la ushirika. Ukaja ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Mashirika yakauzwa, yakaunganishwa au yakafungwa, na aliyenunua kiwanda hakununua timu ya akina dada. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ikasimamishwa, na kisima cha UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ambacho mikoa ilikuwa ikichota wachezaji kikakauka kwa kipindi kizima.

Waliobaki na nguvu ni majeshi. JKT Mbweni, Jeshi Stars, Magereza, Polisi, Uhamiaji: haya ndiyo majina ambayo mfuatiliaji wa ligi ya miaka ya karibuni ameyazoea. Pembeni yao walikuwepo wachache wa namna nyingine, kama timu ya Filbert Bayi, iliyobeba jina la mwanariadha wetu aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Nasema wazi, bila majeshi tusingekuwa na ligi ya kuijadili leo. Binti wa kidato cha nne mwenye kipaji anapochukuliwa na jeshi anapata kazi, bima na uwanja, na hakuna mzazi atakayemzuia. Lakini timu za uraiani zinamlea, kisha zinampoteza kabla hazijafaidi. Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba hatuliandiki popote. Ni timu ngapi za uraiani zimeshiriki ligi na kupotea? Zilipotea mwaka gani? Ni nauli, ni ada, au ni wachezaji kuhama? Anayetaka kuanzisha timu leo hana pa kusoma makosa ya waliomtangulia.

Wenzetu nao timu zinawafia, msidhani wao ni malaika. Uingereza, Wasps, mabingwa wa 2017 na 2018 wa Superleague, ligi kuu ya netiboli ya huko, walijitoa baada ya kampuni iliyoimiliki klabu ya raga yenye jina hilo hilo kufilisika mwaka 2022. Australia, Collingwood Magpies iliaga ligi mwaka 2023, na msimu uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na Melbourne Mavericks. Tofauti yetu na wao ni kwamba kwao sababu imeandikwa, tarehe imeandikwa na wachezaji walikokwenda kumeandikwa. Atakayetaka kujifunza atajifunza.

3. Ligi ya kituo kimoja inaisha kabla haijasimuliwa.

Kwa miaka mingi ligi yetu imechezwa kwa mtindo wa kituo kimoja. Timu zinakusanywa kwenye mji mmoja, zinalala shuleni au kambini, zinacheza mfululizo mpaka mechi mbili kwa siku, na baada ya wiki moja au mbili bingwa anapewa kombe na mabasi yanaondoka. Mwandishi wa habari aliyeko mkoa mwingine anapata matokeo ya mwisho tu, pengine kwa ujumbe wa simu. Mashabiki wa timu yenyewe hawajaiona ikicheza hata mechi moja. Mtoto wa Mbeya ataipendaje timu ya Mbeya ambayo mechi zake zote zimechezwa Arusha?

Hapa najua mtaniambia nchi ni kubwa na nauli ni ghali. Nakubali, na siombi ligi ya nyumbani na ugenini kwa miezi 8. Afrika Kusini, wenye uwezo kutuzidi, walipoanzisha ligi yao ya taifa mwaka 2014 nao walitumia utaratibu wa kuzikusanya timu mahali pamoja. Kwa hiyo kituo kimoja peke yake siyo dhambi. Tatizo ni kituo kimoja kisichoacha nyaraka. Ligi ya siku 10 inahitaji mwandishi wa kumbukumbu kuliko ligi ya miezi 8, kwa sababu hakuna wiki ijayo ya kusahihisha kilichosahaulika wiki hii.

4. Wachezaji wetu wanastaafu bila takwimu, na hili lina gharama ya fedha.

Mwanaidi Hassan alikuwa mfungaji wa JKT Mbweni na Taifa Queens, timu yetu ya taifa. Waliomwona akiwa chini ya pete hawana haja ya kuelezwa. Alifunga magoli mangapi katika ligi? Alicheza misimu mingapi? Asilimia yake ya kufunga ilikuwa ngapi mwaka wake bora? Mimi sijampata wa kunijibu, na huyo ndiye mfungaji maarufu kuliko wote wa kizazi chake. Mlinzi aliyecheza miaka 12 pale nyuma, ambaye kazi yake ni kuzuia magoli yasiyohesabiwa popote, atakumbukwa na nani?

Wapo watakaosema hizi ni hisia za wazee. Haya, tuziache hisia tuongee ajira. Peace Proscovia alitoka Uganda akaenda Loughborough Lightning ya Uingereza, kisha Sunshine Coast Lightning ya Australia. Mganda mwenzake Mary Cholhok naye akaenda Loughborough na kutwaa ubingwa wa Superleague mwaka 2021. Mwai Kumwenda wa Malawi alibeba kombe la Australia akiwa na Melbourne Vixens mwaka 2020. Hawa hawakuzaliwa Ulaya. Wamekulia kwenye viwanja vinavyofanana na vyetu, na mchezaji mrefu mwenye mikono mizuri yupo Songea kama alivyopo Blantyre. Ila kocha wa nje anapouliza binti huyu amefunga asilimia ngapi msimu uliopita, sisi tunajibu kwamba ni mzuri sana. Kila nchi inasema wake ni mzuri sana.

Kombe la Dunia la 2023 lilichezwa Cape Town, mara ya kwanza Afrika. Uganda ilimaliza ya 5, Afrika Kusini ya 6, Malawi ya 7. Zimbabwe nayo ilikuwepo. Sisi hatukuwepo. Sidai kwamba tumekosa Kombe la Dunia kwa ajili ya bahasha ya kaki. Ninachosema ni kwamba kocha wa Taifa Queens anachagua kikosi kutoka ligi ambayo haina namba, kwa hiyo anachagua kwa macho yake na kwa simu za marafiki. Anayeachwa hana cha kuonyesha kwamba ameonewa, na anayechaguliwa hana cha kuonyesha kwamba anastahili.

Ndugu viongozi, nimeisikia mitetezi kadhaa, mingine kutoka kwa watu ninaowaheshimu sana. Niijibu kabla haijarudiwa.

Wa kwanza ni fedha. Kumbukumbu hazihitaji mdhamini. Zinahitaji simu yenye kamera, ambayo kila katibu anayo, na mtu wa kupiga picha karatasi ya matokeo kabla haijakunjwa. Bando la siku linatosha kurusha matokeo ya kituo kizima. Na niulize kidogo: mdhamini anapokuja na kuuliza ligi hii ina umri gani, nani ametwaa mara nyingi zaidi na fainali iliyovuta watu ni ipi, tunampa nini mkononi? Ligi ya soka inauza historia yake kwenye televisheni kila wiki. Sisi tunaingia kwenye mazungumzo ya udhamini mikono mitupu, halafu tunashangaa tunapopewa maji ya kunywa na fulana.

Wa pili, kwamba viongozi wa zamani hawakutukabidhi kitu. Huenda ni kweli. Lakini kila uongozi ulioingia umeusema uliotoka, na nyinyi nanyi mtatoka. Anzieni na msimu uliochezwa chini yenu, huo hamwezi kusema hamkukabidhiwa.

Wa tatu ndio unaonikera, kwamba mambo ya kale hayasaidii, tuangalie mbele. Superleague ya Uingereza ilianza 2005, ikachukua nafasi ya Super Cup. Tangu hapo kila bingwa anajulikana, Team Bath wa mwanzo mpaka London Pulse wa 2025. Msimu wa 2020 ulivunjwa kwa ajili ya korona, na wao wameandika hivyo hivyo, kwamba haukumalizika na hakuna bingwa. Hata pengo lao lina maelezo. Australia wamepitia ligi tatu: walikuwa na Commonwealth Bank Trophy kuanzia 1997, wakaungana na New Zealand mwaka 2008, wakaachana, na tangu 2017 wana Super Netball. Katika miaka yote ya ligi ile ya pamoja, iliyoisha 2016, timu ya New Zealand ilitwaa ubingwa mara moja tu, Waikato Bay of Plenty Magic mwaka 2012, na mpaka leo namba hiyo inatajwa kila wanapobishana kama muungano ule ulikuwa na faida. Mwaka 2020 walipoingiza goli la pointi mbili katika dakika 5 za mwisho za kila robo, mashabiki walikuja juu wakiwa na takwimu mkononi. Hao ndio wanaoangalia mbele, na wanayaangalia ya mbele kwa sababu ya nyuma wanayajua.

Baada ya kusema hayo, ninachoomba ni hiki.

(a) Chapisheni orodha ya mabingwa wa ligi ya juu ya Bara kadiri mnavyoijua. Mwaka ambao ligi haikuchezwa uandikwe haikuchezwa. Mwaka usiojulikana uandikwe haujulikani. Nafasi iliyo wazi itawafanya wazee wajitokeze kusahihisha, na ubishi wao ndio utakaotupa majina. Orodha isiyokuwepo hakuna anayeweza kuisahihisha.

(b) Tangazeni wito kwa wachezaji, makocha, waamuzi na makatibu wa zamani walete walichonacho: picha, vyeti, medali, ratiba, programu za mashindano. Vipigwe picha na kurudishwa kwa wenyewe siku hiyo hiyo, maana watu wameshaibiwa kumbukumbu zao kwa jina la makumbusho. Sambamba na hilo, watumwe vijana wawili watatu wakapekue kurasa za michezo za Uhuru, Mzalendo na Daily News za zamani kwenye maktaba. Matokeo mengi yamo humo, kwenye vipande vidogo chini ya habari za Simba na Yanga.

(c) Kuanzia ligi ijayo, matokeo ya kila mechi, magoli ya kila mfungaji na msimamo vitolewe siku hiyo hiyo kwa umma, na karatasi zenyewe zihifadhiwe mahali panapojulikana. Jina la mtunzaji litangazwe kama linavyotangazwa la mwamuzi wa fainali.

(d) Wekeni kwenye kanuni kwamba uongozi unaotoka unakabidhi nyaraka za ligi kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kama unavyokabidhi fedha na mihuri.

Hili la (a) naomba lifanyike kabla ligi ijayo haijaanza. Yule mama niliyemtaja hapo mwanzo ni mtu mzima sana, na wapo wengine kama yeye mikoani ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Nikisema suala hili lina haraka, nawafikiria wao.

Mimi na wenzangu wachache tuliowahi kukaa meza ya matokeo tuko tayari kufanya kazi hii ya kukusanya na kupanga bila posho. Hatuombi ofisi wala kadi ya kuingilia jukwaani. Tunaomba barua moja ya utambulisho, yenye muhuri, ili tukibisha hodi kwa mchezaji wa zamani asidhani tumekuja kumuuzia kitu.

Nitasubiri jibu la maandishi. Likija, nitaliweka hapa hapa kama lilivyo, liwe la kukubali au la kukataa.

Wenu katika michezo,

Mwandika matokeo wa zamani,
Morogoro

Nakala: Baraza la Michezo la Taifa; maofisa michezo wa mikoa; wahariri wa michezo.